Angahewa Ndiyo Sura ya Kwanza ya Somo la Ulimwengu

Katika vitabu vingi vya kiada, matabaka ya angahewa hufundishwa kwenye jiografia, mionzi hufundishwa kwenye fizikia, na habari za nyota na galaksi, kama zimo kabisa, husukumwa hadi kurasa za mwisho ambazo mara nyingi mwaka wa masomo huisha kabla hazijafikiwa. Mwanafunzi hukariri kimo cha kila tabaka, hukariri mpangilio wa mionzi kuanzia mawimbi ya redio hadi gama, hukariri kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, kisha hufaulu mtihani bila kujua kwamba mambo hayo matatu ni habari moja. Mgawanyo huu si suala dogo la mpangilio wa mitaala. Karibu kila tunachokijua kuhusu nyota kimetufikia kwa njia ya mionzi, na hadi katikati ya karne ya 20 karibu mionzi yote tuliyoisoma ilikuwa imekwisha kupita katika hewa yetu, ikachujwa, ikatawanywa na kupunguzwa. Asiyejua hewa inapitisha nini na inazuia nini hawezi kujua kama alichokiona angani ni cha huko au ni cha hapa, na asiyejua Jua linatuma nini hawezi kueleza kwa nini angahewa ina matabaka hata kidogo.

Nuru tunayoiona, joto linalotufikia kutoka kwenye moto bila kuugusa, mawimbi ya redio na eksirei ni vitu vya aina moja: vyote ni mawimbi ya sumakuumeme yanayosafiri katika ombwe kwa kasi ya takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachovitofautisha ni urefu wa wimbi na, pamoja nao, ukubwa wa nishati. Max Planck mwaka 1900 na Albert Einstein mwaka 1905 waliweka msingi wa kuelewa kwamba nishati hiyo huja kwa mafungu tuyaitayo fotoni, na kwamba wimbi likizidi kuwa fupi, fungu moja huzidi kuwa na nguvu. Fotoni ya redio haina uwezo wa kuvunja molekuli yoyote, hata zije fotoni nyingi namna gani. Fotoni ya infraredi huitikisa molekuli tu, ilhali ya urujuanimno inaweza kuvunja muungano wa atomu, na ile ya eksirei au ya gama hung'oa elektroni kutoka katika atomu yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mionzi huweka kila kitu katika kapu moja la hatari, mnara wa simu pamoja na tanuri la nyuklia, wakati swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni kila fotoni imebeba nishati kiasi gani.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na jotoridi lake ndilo linaloamua ni mionzi ya aina gani itakayotawala. Uso wa Jua, wenye nyuzi zipatazo 5,500 za Selsiasi, hutoa mionzi yake kwa wingi zaidi karibu na nanomita 500, ndani kabisa ya nuru inayoonekana. Dunia, ambayo wastani wa joto la uso wake ni nyuzi 15, nayo hung'aa usiku na mchana, lakini kwa infraredi yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 10,000, mara 20 zaidi ya ule wa Jua. Pengo hilo kati ya mionzi inayoingia na mionzi inayotoka ndilo ufunguo wa mambo mengi yanayofuata, kwa sababu hewa haizitendei sawa pande hizo mbili.

Tuyatazame sasa yale matabaka ambayo mwanafunzi huyakariri. Mwaka 1902 mtaalamu wa hali ya hewa wa Ufaransa, Léon Teisserenc de Bort, alitangaza matokeo ya maputo mengi aliyoyarusha yakiwa na vipima joto: hewa hupoa kadiri puto linavyopanda, lakini kwenye kimo cha kilomita 11 hivi kupoa huko hukoma. Wengi waliokuwa wakisubiri joto liendelee kushuka hadi mwisho wa hewa hawakuwa na maelezo, na maelezo hayakuweza kupatikana ndani ya hewa peke yake. Tabaka la chini, troposfia, hupoa kuelekea juu kwa sababu nuru ya Jua hulipita bila kulipasha sana, huifikia ardhi na bahari, na ni ardhi na bahari zinazoipasha hewa kutoka chini. Stratosfia hugeuza mwelekeo, ikapanda kutoka nyuzi hasi 60 hivi hadi karibu na sifuri kwenye kimo cha kilomita 50, kwa sababu humo ozoni hufyonza urujuanimno wa Jua na kuugeuza kuwa joto. Katika mesosfia ozoni ni haba mno, joto hushuka tena hadi karibu nyuzi hasi 90. Juu ya kilomita 85 au 90 joto hupaa upya na kupita nyuzi 1,000 wakati Jua lina shughuli nyingi, kwa kuwa hapo ndipo eksirei na urujuanimno mkali kabisa hunaswa na atomu za kwanza zinazokutana nazo. Kwa maneno mengine, mchoro wa matabaka ambao kila kitabu kinao ni ramani inayoonyesha ni mionzi ipi ya Jua huishia kimo gani. Mtoto anayekariri majina na kilomita bila kuambiwa hivyo amepewa jibu la swali ambalo hajawahi kuulizwa.

Kiasi cha ozoni kinachofanya kazi hiyo kinashangaza kwa uchache wake. Ozoni yote iliyo juu ya vichwa vyetu ikikusanywa na kushushwa hadi usawa wa bahari, kwa kanieneo ya kawaida na jotoridi la sifuri, ingekuwa tabaka lenye unene wa milimita 3 tu. Sydney Chapman alieleza mwaka 1930 jinsi inavyoundwa: urujuanimno mkali huipasua molekuli ya oksijeni, atomu moja ikaungana na molekuli nyingine ya oksijeni, na zao hilo nalo hupasuliwa na urujuanimno wa wimbi refu kidogo, kisha mzunguko huendelea. Mionzi yenyewe ndiyo inayojenga ngao dhidi ya mionzi. Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonya mwaka 1974 kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, zingefika stratosfia na huko kupasuliwa na urujuanimno uleule hadi ziachie klorini, hoja yao ilikuwa hesabu ya mionzi: gesi ambazo huku chini hazigusani na kitu huvunjika tu pale ambapo fotoni zenye nguvu ya kutosha bado zipo. Atomu moja ya klorini huweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijatulizwa. Mwaka 1985 Joe Farman na wenzake wawili walichapisha vipimo vya ardhini kutoka Antaktika vilivyoonyesha kwamba ozoni ya majira ya kuchipua ilikuwa imepungua sana, na mwaka 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Ni nadra kwa sayansi ya molekuli na fotoni kugeuka sheria ya kimataifa ndani ya miaka 13.

Upande wa infraredi hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kila mita mraba inayolikabili Jua nje ya angahewa hupokea wati 1,361. Kwa kuwa Dunia ni tufe na nusu yake iko gizani, wastani wake ni robo ya kiasi hicho, yaani wati 340, na takribani asilimia 30 ya nuru hiyo hurudishwa angani na mawingu, barafu, mchanga na hewa yenyewe. Kinachobaki, kama Dunia isingekuwa na gesi zinazonasa infraredi, kingetosha kuuweka uso wake kwenye nyuzi hasi 18. Tofauti ya nyuzi 33 kati ya hesabu hiyo na hali halisi haitokani na nitrojeni wala oksijeni, ambazo kwa pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu na ambazo infraredi huzipita karibu bila kuziona. Inatokana na mvuke wa maji, hewa ya ukaa na gesi nyingine chache. Eunice Foote alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa ya ukaa iliyowekwa juani hupata joto zaidi kuliko hewa ya kawaida, na kuanzia mwaka 1859 John Tyndall akapima moja kwa moja jinsi gesi mbalimbali zinavyofyonza mionzi ya joto.

Anayedhani kwamba umbali kutoka kwa Jua ndio unaoamua kila kitu na aitazame Zuhura. Mawingu yake hurudisha angani takribani robo tatu ya nuru inayoifikia, kiasi kwamba Zuhura, ingawa iko karibu zaidi na Jua, hufyonza nuru kidogo kuliko Dunia kwa kila mita mraba. Hata hivyo uso wake una nyuzi zipatazo 460, joto la kuyeyusha risasi, kwa sababu hewa yake ni nzito mara 90 kuliko yetu na asilimia 96 yake ni hewa ya ukaa. Mwezi nao, ulio umbali uleule na sisi kutoka kwa Jua lakini bila hewa ya kutajwa, hupanda mchana hadi zaidi ya nyuzi 100 na usiku hushuka chini ya hasi 150.

Hapa ndipo naona mgawanyo wa masomo unapoleta hasara iliyo wazi kabisa katika mijadala ya umma. Mara kwa mara husikika hoja kwamba Dunia inaongezeka joto kwa sababu Jua limezidi kuwaka. Ni hoja halali kuulizwa, na jibu lake limo katika matabaka yaleyale. Kama Jua lingekuwa ndilo sababu, stratosfia, inayopashwa na urujuanimno wa Jua, ingepata joto pamoja na troposfia. Kama sababu ni hewa ya ukaa, mambo yangekwenda kinyume: chini, ambako hewa ni nzito, gesi hiyo hunasa infraredi na kuirudisha ardhini, juu, ambako hewa ni nyepesi, molekuli ile ile hupokea nishati kwa kugongana na jirani zake, huitoa kama infraredi, na infraredi hiyo hutokomea angani kwa kuwa juu yake hakuna hewa ya kutosha kuinasa. Chini inapata joto, juu inapoa. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilitabiri jambo hilo kwa hesabu mwaka 1967, na vipimo vya setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vimeonyesha troposfia ikipata joto na stratosfia ikipoa. Kupungua kwa ozoni kumechangia sehemu ya upoaji huo, hasa katika stratosfia ya chini, lakini kadiri tunavyopanda ndivyo mkono wa hewa ya ukaa unavyoonekana wazi zaidi. Charles Keeling alipoanza kuipima gesi hiyo juu ya mlima Mauna Loa mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 kwa kila milioni. Leo imepita 420. Mtu aliyefundishwa matabaka kama orodha ya majina hana namna ya kuupima ubishi huu, ilhali aliyefundishwa kwamba kila tabaka ni kazi ya mionzi fulani anaweza kuupima mwenyewe.

Tugeuze sasa uso kuelekea nje. Hewa ina madirisha mawili makubwa: moja la nuru inayoonekana pamoja na vipande vya infraredi iliyo jirani nayo, na jingine la redio, kuanzia mawimbi ya sentimita hadi ya mita kadhaa. Mengine yote yamefungwa au yamefunguka kidogo tu. Mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer alitawanya nuru ya Jua kwa mche wa kioo na kuchora mistari myeusi mamia kadhaa katika spektra yake, yaani utepe wa rangi uliotokea, akaipa ile mikubwa herufi kuanzia A. Mistari mingi kati ya hiyo ni alama ya elementi zilizo kwenye Jua, na ni kwa mstari mwingine katika spektra ya Jua, huo ukiwa wa kung'aa, ulioonekana mwaka 1868, heliamu ilijulikana Juani miaka 27 kabla William Ramsay hajaipata hapa duniani. Lakini mistari A na B, ya kwanza kabisa katika orodha ya Fraunhofer, haitoki kwenye Jua. Ni kivuli cha oksijeni ya Dunia. Mistari ya namna hiyo hujitambulisha kwa kukolea zaidi Jua linapokaribia kuzama, wakati nuru inapita katika hewa nyingi zaidi.

Dirisha la redio lilifunguka bila kutarajiwa. Karl Jansky, aliyekuwa akitafuta chanzo cha kelele zilizosumbua simu za masafa marefu, alizitenganisha zile za radi za karibu na za radi za mbali, akabakiwa na mvumo uliorudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Muda huo ndio unaotumiwa na nyota kurudi mahali pale pale angani, si Jua, na mwaka 1933 ikatangazwa kwamba mvumo huo unatoka katika Njia Nyeupe, galaksi yetu. Madirisha yaliyofungwa yalihitaji watu wapande wenyewe. Victor Hess alipanda kwa puto mwaka 1912 hadi mita 5,300 na kukuta kwamba mionzi inayong'oa elektroni kutoka katika atomu za hewa huongezeka kadiri mtu anavyopanda, kwa hiyo haikutoka ardhini. Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi mwaka 1962, na katika dakika chache za kuwa juu ya sehemu kubwa ya hewa wakagundua eksirei kutoka nje ya mfumo wa Jua.

Mionzi aliyoikuta Hess, ambayo kwa kweli ni chembe ziendazo kasi, hasa protoni, haizuiwi na hewa bila kuacha alama. Ikigonga viini vya nitrojeni na oksijeni huzaa chembe nyingine, zikiwemo myuoni, chembe zinazofanana na elektroni lakini nzito zaidi, ambazo takribani moja hupita katika kiganja cha mkono kila sekunde. Huzaa pia nyutroni, na nyutroni hugeuza nitrojeni kuwa kaboni 14, ambayo huingia katika mimea na wanyama na kupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Sehemu kubwa ya chembe hizo inaaminika kupata kasi yake katika masalia ya nyota zilizolipuka, kwa hiyo mwanaakiolojia anayepima umri wa mfupa kwa njia aliyoianzisha Willard Libby anatumia saa iliyotengenezwa na mlipuko wa mbali pamoja na hewa ya hapa.

Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni wa Arno Penzias na Robert Wilson. Mwaka 1964 walikuwa na antena yenye umbo la pembe huko New Jersey, ikisikiliza mawimbi ya sentimita 7.35, na kila walipoielekeza kulikuwa na kelele ya ziada isiyoelezeka. Ili kujua kama ni ya hewa, waliinamisha antena kutoka utosini kuelekea upeo wa macho. Hewa, kwa kuwa ina joto, nayo hutoa mawimbi hayo, na ukitazama kwa mshazari unapita katika hewa nyingi zaidi, hivyo mchango wake huongezeka kwa kanuni inayojulikana. Walipopima ongezeko hilo waliweza kukokotoa kwamba hewa iliyo juu yao ilichangia takribani kelvini 2.3 (kelele za redio hupimwa kwa jotoridi, na kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri kamili, nyuzi hasi 273 za Selsiasi). Walipoiondoa, pamoja na kelele za antena yenyewe, ilibaki takribani kelvini 3.5 ambayo haikubadilika kwa upande wala kwa majira. Hiyo ilikuwa mionzi ya masalia ya ulimwengu mchanga, ambayo leo imepimwa kuwa na jotoridi la kelvini 2.725, na taarifa yao ya mwaka 1965 ndiyo iliyowashawishi wanasayansi wengi kwamba ulimwengu ulianza ukiwa wa moto na msongamano mkubwa. Ugunduzi huo mkubwa ulikuwa baki ya hesabu ya kutoa, na namba kubwa iliyotolewa ilikuwa ni ya hewa yetu.

Mionzi ile yenyewe inatuambia kwamba ulimwengu nao uliwahi kuwa kama hewa inayozuia. Kwa miaka 380,000 ya mwanzo, elektroni zilizokuwa huru zilitawanya kila fotoni kabla haijafika mbali. Joto liliposhuka hadi kelvini 3,000 hivi, elektroni zikashikwa na viini, atomu zikatulia, na nuru ikapata njia. Hatuwezi kuona nyuma ya wakati huo kwa darubini yoyote ya mionzi, iwe ardhini au katika anga za juu.

Jambo hili lote si historia tu. Darubini za ALMA zimejengwa katika jangwa la Atacama kwenye kimo cha mita 5,000 kwa sababu mvuke wa maji huziba mawimbi ya milimita, na darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kwa sababu infraredi inayoitafuta hufyonzwa na hewa na kufunikwa na mng'ao wa joto la Dunia. Mwaka 2022 darubini hiyo ilitambua hewa ya ukaa katika angahewa ya WASP-39b, sayari inayozunguka nyota nyingine mbali na Jua, kwa kusoma nuru ya nyota hiyo iliyopenya hewa kwenye kingo za sayari, ikitumia alama zilezile za infraredi zinazofanya Zuhura iwe tanuri. Swali linalofuata ni oksijeni kwenye sayari ndogo zenye mawe, na moja ya zana zinazotegemewa ni darubini ya ELT inayojengwa Chile, yenye kioo cha upana wa mita 39, ambayo itatazama kutoka ardhini. Nuru yoyote itakayoifikia itakuwa imepita katika oksijeni yetu, mistari A na B ikiwa mahali pake. Njia inayopendekezwa ni kuchagua nyakati ambapo mwendo wa sayari ile na wa Dunia unasogeza mistari ya oksijeni ya kule kando kidogo ya mistari ya oksijeni ya hapa, kuisoma katika pengo hilo jembamba, na kujumlisha vipimo vya vipindi vingi hadi alama ya angahewa ya kule itengane na ya kwetu.